MWENZETU AKIZIMIA KAZINI

Tahariri



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, saa za kazi na siku za mapumziko. Mambo hayo yote, yakiharibika leo, twaweza kuyarudia kesho mezani na tajiri. Leo twaandika juu ya jambo lisilongoja kesho. Mwenzetu akianguka kazini akapoteza fahamu, ni nani atakayemshika, na atamshika namna gani?

Twawaandikia hasa ndugu wa Kimana, walio katika mashamba ya nyanya na vitunguu yanayonyweshwa na maji yatokayo mlima Kilimanjaro. Lakini wenzetu wa viwanda vya Kitengela na wa machimbo ya mawe ya Kajiado nao wasome, kwa maana pumzi ya binadamu ni moja kila mahali.

Tufanye hesabu kwanza. Mtu aliyeacha kupumua, ubongo wake huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Kutoka Kimana mpaka hospitali ya Loitokitok ni zaidi ya kilomita 10, na mashamba mengi yako ndani, mbali na lami. Hata kama gari limesimama tayari na injini yake yanguruma, dakika 4 haziwezi kumfikisha. Basi daktari wa dakika hizo ni yule kibarua aliyekuwa mstari wa pili na jembe lake. Ama anajua la kufanya, ama hajui. Hakuna wa tatu.

KINACHOTUANGUSHA

Watu huzimia kwa sababu nyingi, na kazi zetu zina karibu zote. Kuna jua la mchana juu ya mtu aliyetoka nyumbani bila chai na hana maji ya kunywa shambani. Kuna dawa ya kunyunyizia mimea, inayoingia mwilini kwa pua na kwa ngozi. Kuna kisima kirefu chenye moshi wa pampu. Kuna pikipiki kwenye barabara ya Emali na Loitokitok, na kuna lori la makasha linalomwangusha mpakizi. Kuna nyoka. Tena kuna maradhi ambayo mtu huja nayo kazini bila kumwambia mtu, kama vile kifafa, kisukari na ugonjwa wa moyo. Wengi huficha kwa kuogopa kunyimwa kibarua. Tunasema wazi kwamba yafaa angalau mwenzako mmoja ajue. Siri hiyo inaweza kukuua.

DESTURI ZINAZOUA

Watu wetu hawakosi huruma. Mtu akianguka, shamba zima huja mbio. Taabu ni kwamba huruma isiyo na maarifa huweza kummaliza yule iliyemkimbilia. Tuzitaje desturi hizo moja moja.

Kumnywesha maji. Aliyezimia hawezi kumeza. Maji unayomtia kinywani huteremka mapafuni, akazama akiwa nchi kavu.

Kumpa maziwa aliyelewa dawa ya mimea. Wengi huamini kwamba maziwa huvunja sumu. Hayaivunji. Humtapisha, na matapishi huziba njia ya pumzi. Ni hivyo hivyo kwa yai bichi, mafuta na maji ya chumvi. Tena usimtapishe kwa kumtia kidole kooni.

Kumtia kijiko au kijiti menoni mwenye kifafa. Hawezi kuumeza ulimi wake. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino huenda kooni. Ondoa mawe na jembe karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, mwache atikisike, na utazame saa. Degedege likikoma, mlaze ubavu. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, hospitali haina budi. Povu lake haliambukizi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kusimama mbali.

Kumnusisha kitunguu, kumpiga makofi na kummwagia ndoo ya maji. Haya hayamfungulii pumzi, na dakika zinapita.

Kumkalisha au kumsimamisha. Aliyezimia kwa sababu ya damu kupungua kichwani anahitaji kulala chini, na miguu yake ikiinuliwa kidogo husaidia. Ukimsimamisha unamzidishia.

Na desturi kubwa kuliko zote hapa kwetu ni kumpakia juu ya bodaboda, katikati ya dereva na mtu mwingine, kichwa kimening'inia kifuani. Mtu asiye na fahamu, misuli yake yote imelegea. Kichwa kikiinama mbele, ulimi na nyama za kooni huifunga njia ya pumzi kama kizibo. Wenzake humshikilia kwa nguvu wasimwangushe, nao hawajui kwamba wanabeba mtu asiyepumua. Wakifika hospitali, huambiwa wamechelewa, wakaulaumu umbali wa njia. Afadhali kungoja dakika chache, amelala ubavu na pumzi yake ni wazi, mpaka lipatikane gari la kumlaza. Gari la kubebea nyanya lafaa, mradi alale ubavu na mtu mmoja akae kichwani pake akitazama kifua.

LA KUFANYA

Mambo haya hayahitaji shule. Yahitaji kuyasoma mara tatu na kuyafanyia mazoezi.

1. Tazama kwanza pale alipoangukia. Je, kuna waya wa umeme, moshi, dawa iliyomwagika, nyoka, magari? Ukiangushwa nawe, watakuwa wawili wa kubebwa na hakuna mbebaji.

2. Mwite kwa sauti na umtikise mabega. Akijibu au akifungua macho, mwache kivulini, umwangalie. Asipojibu, endelea.

3. Piga kelele za kuomba msaada. Mtume mtu mmoja kwa jina lake, usiseme tu "mtu apige simu", kwa maana kila mmoja atamtazama mwenzake. Namba za dharura za serikali ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Mashamba yetu hayana vibao. Basi anayepiga simu aseme alama inayojulikana, kama vile shule, kanisa, msikiti au daraja la mfereji, na mtu mwingine aende kusimama barabarani kulipokea gari.

4. Fungua njia ya pumzi. Mlaze chali, weka kiganja juu ya paji la uso, na vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu. Inamisha kichwa nyuma taratibu huku ukiinua kidevu. Kitendo hiki kidogo huuondoa ulimi kooni. Ukiona matapishi au chakula kinywani, mgeuze ubavu kitoke.

5. Weka shavu lako karibu na kinywa chake na macho yako kifuani kwake. Kwa muda usiozidi sekunde 10, tazama kama kifua kinapanda, sikiliza, na uhisi pumzi shavuni. Kukoroma na kutwetatweta kwa nadra, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Usidanganyike nako.

6. Akiwa anapumua vizuri, mlaze ubavu. Piga magoti kando yake. Mkono wake ulio karibu nawe unyooshe pembeni, ukunje kiwiko, kiganja kitazame juu. Mkono wa pili uvushe kifuani, na mgongo wa kiganja uuweke kwenye shavu lake la upande wako, uushike hapo. Kwa mkono wako mwingine inua goti lake la mbali, kisha ulivute kwako. Atageuka kwa urahisi hata kama ni mzito kuliko wewe. Kichwa kiinamishe nyuma kidogo, kinywa kielekee chini. Usimwache peke yake. Tazama pumzi yake mara kwa mara mpaka msaada ufike.

7. Asipopumua, anza kukandamiza kifua mara moja. Kisigino cha kiganja kimoja kiwe katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka. Kandamiza kwa uzito wa mwili wako, kifua kibonyee sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kirudi juu kabisa. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Aliyefundishwa kupuliza pumzi na apulize mara 2 baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefundishwa akandamize tu bila kukoma. Ni kazi ngumu kuliko kulima, kwa hiyo mbadilishane kila baada ya dakika 2. Msiache mpaka apumue, au mhudumu wa hospitali awapokee, au nguvu ziwaishie.

8. Ikiwa ameanguka kutoka juu, au amegongwa na pikipiki, huenda shingo au uti wa mgongo umeumia. Msimvute kwa mkono wala mguu. Mtu mmoja ashike kichwa, na mwili ugeuzwe pamoja kama gogo. Lakini kumbuka kwamba pumzi hutangulia shingo. Asiyepumua lazima afunguliwe njia.

9. Aliyetolewa mferejini au bwawani, kama hapumui, alichokosa ni hewa. Anayejua kupuliza aanze kwa pumzi chache kabla ya kukandamiza. Msimning'inize miguu juu ili kumwaga maji.

10. Mwenye kisukari akiwa bado anajua kumeza, mpe soda au maji ya sukari. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Aliyeumwa na nyoka asitembee, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, bali atulie na apelekwe upesi.

Wazee wetu wengine walifundishwa namna nyingine, ya kumlaza mtu kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumwinua mikono. Hawakudanganywa. Namna hiyo ilitangazwa na Holger Nielsen wa Denmark mwaka wa 1932, ikafundishwa ulimwenguni kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 madaktari walithibitisha kwamba pumzi ya kinywa kwa kinywa hujaza mapafu vizuri zaidi, na mwaka wa 1960 watafiti wa Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walieleza namna ya kuusukuma moyo kwa kukandamiza kifua. Elimu ikibadilika, nasi tubadilike.

Tena tuseme ukweli. Si kila aliyeshikwa vizuri huamka. Lakini aliyeachwa bila pumzi haamki hata mmoja.

DAWA NA KISIMA

Hatari mbili za Kimana zataka maneno yake zenyewe.

Ya kwanza ni dawa ya mimea. Anayenyunyizia akianza kutoka jasho jingi na mate, akitapika, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikichezacheza na pumzi ikiwa nzito, msimwambie apumzike chini ya mti. Hiyo ni sumu. Mwondoeni penye dawa, upande upepo unakotoka. Mvueni nguo zilizolowa, pamoja na viatu, na mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Dawa iliyo nguoni huendelea kuingia mwilini hata hospitalini. Anayemwosha avae glavu, na kama hakuna, afunge mifuko ya plastiki mikononi. Kama dawa imo kinywani, msipulize kwa kinywa kitupu; kandamizeni kifua tu.

Na chupa iende naye. Daktari anayo dawa ya kupinga aina fulani za sumu, lakini ni lazima ajue ni sumu gani. Ndiyo sababu tunapinga ile tabia ya kumimina dawa katika chupa za soda. Chupa ya soda haimwambii daktari neno, na humdanganya mtoto. Kwenye karatasi ya chupa halisi hutakosa utepe wa rangi. Mwekundu ndio mkali kuliko yote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Hata kijani si maji ya kunywa.

Ya pili ni kisima. Pampu ya petroli ikiteremshwa kisimani, moshi wake hujaa humo chini. Una hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliye chini hulegea, akaanguka bila kupiga kelele. Ndugu yake humwona, huteremka kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu huwafuata. Hivyo ndivyo kisima kimoja kinavyozaa misiba mitatu. Agizo letu ni moja: MSITEREMKE. Zimeni pampu na mwite msaada. Anayeshuka kisimani siku yoyote ashuke amefungwa kamba kiunoni na mabegani, mwisho wake ukishikwa na watu walio juu, ili avutwe bila mtu kumfuata. Pampu ya petroli ikae juu ya ardhi siku zote, mbali na mdomo wa kisima.

TAJIRI ANA WAJIBU

Sasa twamgeukia mwajiri. Sheria ya Viwanda ya mwaka wa 1950 ilikuwa ya viwanda, kama jina lake, na mtu wa shamba hakuwa na mengi ya kudai humo. Sheria hiyo haipo tena. Mahali pake iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, nayo yahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe yupo kwa muda au kwa kudumu. Ndugu, lisomeni neno hilo "kwa muda" mara mbili. Tajiri akisema, "Hawa ni vibarua wa siku, si watu wangu," mwonyesheni neno hilo. Kibarua wa siku moja ana pumzi kama ya karani wa miaka 20.

Sheria hiyo yamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi, chini ya mtu anayewajibika. Sanduku lililofungiwa katika nyumba ya nyapara, na nyapara amekwenda sokoni, si sanduku mbele ya sheria wala mbele ya majeruhi. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri amfikishe hospitali mfanyakazi aliyeumia kazini. Nauli ya bodaboda isichangwe na vibarua wenzake kutoka katika ujira wa siku hiyo. Na Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mkifika mlangoni mkaulizwa habari za pesa kabla ya mgonjwa kuguswa, kitajeni kifungu hicho kwa adabu na kwa sauti.

Basi wajumbe wa kila shamba na kila kiwanda wapeleke madai haya kwa maandishi:

(a) Sanduku la huduma ya kwanza lililojaa, liwe pale watu wanapofanya kazi.

(b) Watu wawili katika kila kundi wafundishwe kwa gharama ya mwajiri, na siku ya mafunzo ilipwe kama siku ya kazi. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha kazi hiyo hapa Kenya.

(c) Glavu, nguo na vifuniko vya uso kwa wanyunyiziaji, na maji na sabuni karibu nao.

(d) Maji safi ya kunywa na kivuli.

(e) Gari linalojulikana la kumchukua mgonjwa, na namba ya dereva iandikwe ukutani.

Hayo si hisani tunayoomba. Bei ya makasha machache ya nyanya hulipa sanduku moja na vilivyomo.

NA SISI JE?

Lakini tusimtupie tajiri kila kitu. Hakuna sheria inayotuzuia kukusanyika Jumapili baada ya ibada, mmoja akajilaza kwenye majani na wengine wakajifunza kumgeuza ubavu. Hakuna gharama yoyote. Kukandamiza kifua tu ndiko kusifanywe juu ya mtu mzima wa afya. Jifunzieni juu ya gunia lililojazwa.

Tena tuache woga. Wako wanaomkwepa aliyeanguka kwa kuogopa kuitwa mashahidi, au kudaiwa bili. Wako wanaouliza kwanza, "Ni mtu wa wapi?" Mashambani Kimana wako Wamasai, Wakamba, Wakikuyu, Wachaga na ndugu waliovuka mpaka kutoka Tanzania. Aliyezimia hana lugha. Yeye ni mfanyakazi mwenzetu, na leo ni zamu yake. Kesho hatujui ni ya nani.

Mwanachama, ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie vitunguu. Msomee asiyejua kusoma, kisha ibandike pale panapowekwa mabomba ya dawa, na muulizane: katika kundi letu, ni wawili gani wanaojua? Kama hakuna, aanze wewe.

UMOJA NI NGUVU.